Irja na Risasi Aliyoionea Haya

Irja Saarimaki ni wifi yangu, dada wa mume wangu Veikko. Haya ninayoyasimulia amenipa ruhusa niyasimulie, kwa sharti moja tu, kwamba nisimpambe. "Ukianza kunitafutia visingizio, wifi, nitanyanyuka niende zangu," aliniambia. Basi sitamtafutia.

Vuli ile alikuwa na miaka hamsini na minane. Hakuolewa. Aliishi peke yake katika nyumba ya wazazi wao, na nyuma ya nyumba kulikuwa na ekari arobaini za mierezi na tope ambamo hakuwinda mtu mwingine ila yeye. Kazi yake ilikuwa katika duka la vifaa la mzee Hakala, hapa mjini kwetu, Peninsula ya Juu ya Michigan. Mbele ya duka wanauza misumari, rangi, minyororo ya matairi na majembe ya kuzolea theluji. Nyuma kabisa, chini ya kichwa cha dume la kulungu mwenye pembe za ncha kumi na mbili aliyepigwa na Duane Verville, kuna kaunta ya bunduki. Hapo ndipo Irja alisimama miaka kumi na tisa.

Kwetu, Novemba ikiingia, watu hawaulizani habari za nyumbani. Wanaulizana wanatumia risasi ipi. Mwenye mia tatu na nane humcheka mwenye mia mbili sabini. Mwenye mia mbili sabini humwambia mwenye thelathini-sita kwamba amebeba bunduki ya babu yake. Wenye magnamu, risasi zenye nguvu na teke kuliko zote, huwacheka wote. Na wote kwa pamoja hukubaliana kwamba mia mbili arobaini na tatu ni ya watoto wanaojifunza. Namba hizo ni unene wa risasi tu, lakini nimeona shemeji wawili wakinuniana tangu Krismasi hadi Pasaka kwa ajili yake.

Irja alizijua zote. Mtu akimjia hakukimbilia kumwonyesha bunduki. Alimwuliza kwanza: unawinda wapi? Kulungu wako huwa hatua ngapi kutoka ulipo? Ukipiga, bega linakuuma? Mtu akijibu kwa kujigamba, alimwuliza tena mpaka aseme kweli. Watu walitoka miji ya mbali kuja kuchaguliwa na Irja.

Ambacho hawakukijua ni kwamba yeye mwenyewe, maisha yake yote, amewinda kwa mia mbili arobaini na tatu. Bunduki nyepesi, teke lake ni kama mtu kukusukuma kwa kiganja. Kwa bunduki hiyo alikuwa ameangusha kulungu thelathini na wanne, na wengi wao hawakufika hatua hamsini kutoka pale walipopigwa.

Mwaka wake wa kwanza pale dukani alikosea akasema. Duane Verville alimwuliza, naye akajibu kwa moyo mweupe. Duane ni fundi wa mabomba, mtu wa sauti kubwa, si mbaya, ila akipata la kuchekesha haliachi mpaka liishe utamu. Akamwita Mama Panya, eti risasi yake ni ya kuulia panya. Jina likaenea. Wanaume waliingia dukani wakamwuliza kama ana mitego ya jibini. Kisha wakaacha kununua kwake, wakawa wanamsubiri Hakala, na Hakala akaanza kusema labda Irja angefaa zaidi upande wa rangi. Msimu uliofuata Irja akaitoa thelathini-sita ya marehemu baba yao, akaitundika kwenye dirisha la nyuma la gari lake dogo la mizigo, akawa anatembea nayo mjini kila mtu aione. Akitaka kuwinda aliiacha palepale garini, akachukua ile ndogo na kuingia nayo kwenye mierezi yake. Jina la Mama Panya likafa. Mimi nilikuwa najua, na Veikko alikuwa anajua. Tuliona ni jambo la kuchekesha tu.

Sasa, Loretta Pascoe. Huyu tulikuwa naye kanisa moja, mwanamke mfupi, mikono midogo kama ya msichana, mpole lakini si mjinga. Mumewe, Clyde, alikufa kwa ugonjwa wa moyo mwezi wa tatu mwaka ule. Kwa miaka thelathini Loretta alikuwa akikaa naye katika ulingo wao, kibanda cha mbao juu ya nguzo nne, akimshikia chupa ya kahawa na kumgusa goti akiona kulungu kabla yake. Hakuwahi kupiga yeye. Lakini Clyde alipokufa akasema hawezi kuuacha ulingo ule ukae mtupu siku ya kwanza ya msimu.

Jumamosi moja kabla ya msimu alikuja dukani na bunduki ya Clyde imefungwa kwenye blanketi. Ilikuwa mia tatu magnamu. Duane alikuwepo na wenzake wawili, wameegemea kaunta na vikombe vya kahawa.

"Irja, nimekuletea hii," Loretta alisema. "Nataka kuibadilisha. Nipe kitu kinachonifaa mimi. Hii inanizidi."

"Loretta! Loretta!" Duane akaruka. "Unataka kuuza magnamu ya Clyde? Clyde atafufuka akufuate mpaka jikoni!"

"Clyde alikuwa na futi sita na zaidi. Mimi hata rafu ya juu ya kabati langu siifikii."

"Bunduki haijui urefu wa mtu, dada. Na kulungu akiwa mbele yako, lile teke hulisikii. Muulize yeyote hapa. Damu inachemka, husikii kitu."

"Nimemwuliza Irja. Sijakuuliza wewe."

"Ehee! Umesikia, Irja? Haya, toa hukumu."

Irja aliinyanyua ile bunduki akaielekeza ukutani. Anasema aliona yote kwa mara moja. Kitako kilikuwa kirefu, kimekatwa kulingana na mikono ya Clyde. Darubini ilikuwa imefungwa nyuma, karibu na jicho. Mtu mfupi angelazimika kunyoosha shingo mbele ili aone, na akipiga, chuma kingemrudia usoni. Nyuma yake, kwenye rafu, zilikuwepo mia mbili arobaini na tatu mbili zilizotumika, safi, na moja kitako chake kilikuwa kifupi.

Loretta akamsogelea. "Wewe unatumia ipi? Maana wewe na mimi miili yetu ni ileile. Niambie unayotumia wewe, nami nichukue hiyohiyo, basi."

Duane alikuwa anatabasamu, anangoja. Hakuwa anangoja lolote la ubaya. Hata hakuwa anakumbuka habari za panya. Irja anasema hilo ndilo linalomkera zaidi, kwamba huenda asingechekwa hata kidogo.

"Thelathini-sita," akajibu. "Ya baba. Na hii ya Clyde haijaizidi sana, Loretta. Utaizoea."

"Kweli?"

"Kweli."

Duane akapiga kaunta kwa kiganja. "Si nilisema?" Loretta akaifunga tena bunduki kwenye blanketi, akanunua boksi moja la risasi, akaenda zake.

Jumatano simu ya kaunta ililia. Duka lilikuwa tupu. Hakala alikuwa nje anapokea chumvi ya kuyeyushia theluji barabarani. Alikuwa Loretta.

"Irja, nimepiga moja tu, nyuma ya banda. Bega limekuwa zambarau mpaka kwenye titi. Sasa nikiishika, hata kama haina risasi, macho yanafumba yenyewe. Nikigusa kifyatulio mwili mzima unaruka. Ndivyo inavyokuwa kwako?"

Hapo hapakuwa na mtu wa kumcheka. Palikuwa na yeye na simu na kile kichwa cha kulungu ukutani. Irja anasema aliufungua mdomo kabisa ili aseme, na kilichotoka kilikuwa hiki:

"Vaa koti nene. Ikaze vizuri begani, usiiache nafasi. Siku yenyewe utasahau yote."

"Haya, mwenzangu. Kama wewe unaiweza, na mimi nitaiweza. Asante."

Nilimwuliza Irja kwa nini, wakati yuko peke yake. Akaniambia, "Kwa sababu nilishamwambia Jumamosi." Mimi simwongezei.

Siku ya kwanza ya msimu kulikuwa na baridi kavu, theluji kiasi cha kufunika kiatu. Irja aliingia kwenye mierezi yake alfajiri, hakuona kitu, akaenda kazini mchana. Siku ya pili yake, dukani palijaa. Watu walikuwa wanakula pai zao za nyama na viazi wamesimama, wanaonyeshana kwa mikono ukubwa wa pembe walizoziona. Duane akaingia, hata kofia hajavua.

"Mmesikia ya Loretta Pascoe? Amepata nyusi ya tatu!"

"Nini tena?"

"Darubini imempiga hapa." Akajigusa juu ya jicho. "Nyuzi saba kwa daktari! Daktari anamwuliza, mama, umepigana na nani? Anamwambia, na marehemu mume wangu!"

Duka zima likaangua kicheko. Irja naye akacheka. Hili alinisisitizia. "Sikutabasamu, wifi. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika kaunta."

Mtu mmoja akauliza, "Na kulungu?"

"Jike. Amempiga huko nyuma, tumboni au pajani, nani ajuaye. Akakimbilia kwenye mierezi. Loretta akafuata, lakini damu yake mwenyewe ilikuwa inamwingia machoni, haoni nyayo. Akarudi."

Kicheko kikapungua. Kwetu kulungu aliyejeruhiwa akapotea hachekwi. Irja akaenda stoo, akaketi juu ya mfuko wa chumvi. Kisha akamwambia Hakala kuwa tumbo linamuuma, akaenda nyumbani. Anasema kwamba hata huo ulikuwa uongo, aliuongeza juu ya mwingine, na ulitoka kirahisi kama pumzi.

Asubuhi iliyofuata alichukua ile mia mbili arobaini na tatu akaenda nayo kwa Loretta. Alibisha hodi mlango wa jikoni. Loretta alimfungulia, jicho moja limefumba, uso umevimba na kugeuka rangi, nyuzi nyeusi zimesimama juu ya nyusi kama miguu ya mdudu. Alikuwa anaoka mkate wa iliki, na mikono yake ilikuwa na unga.

"Ingia, ingia, baridi hiyo. Usiniangalie usoni, nimekuwa jini." Akamvutia kiti. Kisha, kabla Irja hajakaa, Loretta akasema, "Nisamehe, Irja."

"Nikusamehe nini?"

"Nimekuaibisha. Ulinielekeza vizuri, na watu wote walikuwepo wakasikia. Mimi ndiye mwoga. Nilifumba macho kabla sijapiga. Nilijua nimefumba, na bado nikavuta." Akaufikicha unga vidoleni. "Nilimsikia, Irja. Alilia. Sikujua wanalia namna ile. Clyde hakuwahi kumliza kulungu hata mmoja."

Irja alikuwa bado amesimama, bunduki mkononi imefungwa kwenye gunia. Akaifungua akaiweka mezani, kati ya unga na chupa ya iliki.

"Hii ni nini?"

"Hii ndiyo bunduki yangu."

"Ya baba yako?"

"Hapana. Ya baba inakaa garini, watu waione. Hii ndiyo ninayopigia. Ni mia mbili arobaini na tatu. Sijawahi kupiga kulungu kwa nyingine, maisha yangu yote."

Loretta aliitazama kwa lile jicho moja. Irja aliona maneno yakimwingia moja baada ya jingine.

"Nilikuuliza," Loretta akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza mara mbili. Nilikupigia simu."

"Ndiyo."

"Nikakwambia macho yanafumba. Ukaniambia nivae koti."

Irja anasema kama Loretta angempiga kofi ingekuwa nafuu. Lakini Loretta alinawa mikono, akaikausha taratibu kidole kwa kidole, akazima oveni ingawa mkate ulikuwa haujaiva, akachukua kizibao chake cha kuwindia, cha rangi ya chungwa, nyuma ya mlango.

"Twende ukamtafute," alisema. "Usikae hapa ukinililia jikoni. Twende."

Walitoka ulingoni wakafuata nyayo. Theluji nyepesi ilikuwa imeanguka juu yake, lakini Irja ana macho ya kufuatilia, aliinama akaipuliza theluji kwa mdomo pale alipoona shimo la kwato, na chini yake damu ikaonekana, nyeusi, imechanganyika na majani yaliyotafunwa. Akajua ilikuwa tumboni. Walifika mahali ambapo palikuwa na nyayo za Loretta mwenyewe zilizozunguka, zikarudi. Pale alipopuliza, theluji ilikuwa na matone mekundu mengi kuliko ya kulungu.

"Hapa ndipo niliposhindwa," Loretta akasema.

Kunguru walianza kupiga kelele mbele yao. Irja akahesabu hatua, hakujua kwa nini anahesabu. Zilikuwa mia moja na kumi. Jike alikuwa amelala chini ya mwerezi ulioanguka, mguu umekunjwa chini yake. Mbwamwitu wa aina ndogo walikuwa wamemla upande wote wa nyuma, na kunguru walikuwa wameanzia machoni. Theluji iliyomzunguka ilikuwa imekanyagwa na yeye mwenyewe, mahali alipolala, akainuka, akalala tena. Mara nne au tano. Hakufa upesi.

Irja alitaka kumzuia Loretta asisogee. Loretta akampita. Akapiga magoti, akatoa kibali chake mfukoni na lebo yake. Kibali kimoja kina lebo moja, na ukishaifunga kwa mnyama msimu wako umekwisha. Hakuna mtu angemwona. Angeweza kubaki na lebo yake akawinda tena siku zote zilizobaki. Aliifunga kwenye sikio la yule jike, akakaza fundo.

"Nimempiga mimi," alisema.

"Loretta..."

"Nimempiga mimi, Irja. Wewe una lako, na mimi nina langu. Usinichukulie langu."

Wakarudi hadi nyumbani. Mlangoni Irja akamwambia bunduki ile aliyoiacha mezani aichukue, sasa ni yake. Loretta akaiingiza kwenye gunia, akamrudishia. "Sitaki zawadi," akasema, akafunga mlango.

Jumamosi ile, duka limejaa, Irja aliilaza mia mbili arobaini na tatu juu ya kaunta na kusema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Hii ndiyo bunduki yangu. Nimewadanganya miaka kumi na minane. Kulungu wangu wote ni kwa hii. Na Loretta aliniuliza mbele yenu nikamdanganya, ndiyo maana yaliyompata yamempata."

Duane akasema, "Wote? Hata yule dume wa ncha tisa?"

"Wote."

"Kumbe Mama Panya hakufa!" Watu wakacheka, na Irja akadhani limekwisha, limekuwa jepesi kuliko alivyoogopa. Lakini nyuma ya wengine alikuwa amesimama Norbert Kessel, mtu mkimya anayefanya kazi kiwanda cha mbao. Yeye hakucheka. Alisubiri kelele zipungue.

"Miaka mitatu iliyopita nilikuja hapa na binti yangu Paula," alisema. "Alikuwa na miaka kumi na sita. Nilitaka kumnunulia magnamu, kwa sababu mimi nina magnamu. Nikakuuliza, inamfaa? Ukasema atakua nayo."

Irja alikumbuka. Alikumbuka hata koti la yule msichana.

"Aliwinda msimu mmoja. Kila akipiga alikuwa analia, anasema hakuna kitu, ni baridi. Mwaka uliofuata hakutaka kwenda na mimi tena. Nilidhani amenichoka." Akaweka kofia yake kichwani. "Nilimnunia msichana wangu miaka miwili."

Akatoka. Hadi leo Norbert akikutana na Irja barabarani anatazama upande wa pili. Na hakuwa peke yake. Majira ya baridi yale yote Irja alikaa akiwakumbuka mmoja mmoja, watu waliotaka bunduki kubwa kuliko miili yao, naye akaona na asiseme, kwa kuwa aliogopa mtu asije akamwuliza na wewe unatumia ipi. Maswali yake matatu aliwauliza wageni. Watu wa mjini, wanaokaa karibu na kaunta wakisikia, hao aliwapa walichotaka. Hakala alimwita pembeni akamwambia kama angemweleza yeye tu, faraghani, biashara ingekuwa na amani. Irja akamwambia amwondoe kama anataka. Hakala hakumwondoa. Akaguna, akarudi kwenye misumari.

Septemba iliyofuata Loretta alikuja dukani na bunduki ya Clyde. Kovu lilikuwa limekata nyusi yake vipande viwili. Alikwenda moja kwa moja kwa Hakala.

"Nataka kuuza hii, ninunue nyingine."

"Irja yuko kule nyuma."

"Najua aliko."

Lakini Hakala hajui bunduki, anajua misumari, na mwishowe Loretta akaja kaunta. "Sitaki unichagulie," alisema. "Nataka kujaribu. Nipe tatu, na risasi, twende kwenye machimbo ya kokoto. Nitapiga mimi, nitaamua mimi."

Walikwenda. Irja alibeba, akaweka shabaha za karatasi hatua themanini, akamfungia darubini mbele ipasavyo, akampa kitambaa cha kuwekea begani. Loretta alianza na mia mbili arobaini na tatu. Ya kwanza alifumba macho. Ya pili pia. Irja akaondoa risasi kimya kimya, akampa bunduki tupu, akamwambia avute tu, mara kumi, mara ishirini, mpaka mwili uache kuruka. Saa nzima ilipita hivyo. Baadaye Loretta akapiga vizuri. Akajaribu mia tatu na nane, akakunja uso. Akajaribu ya tatu, ambayo huku tunaiita saba-nane, inakaa katikati, ina teke kidogo. Akapiga tano, na zote zikaingia kwenye nafasi yenye ukubwa wa sahani.

"Hii," alisema.

Irja angechagua ile ndogo. Alijua ile ndogo inatosha kabisa kwa ulingo ule, na maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Akayarudisha.

"Hii ni nzuri," alisema.

"Unasema kweli, au unaniridhisha?"

"Ningechagua ile ndogo. Lakini hii ni nzuri, na unaipiga vizuri."

Loretta akaanza kuokota maganda ya risasi kwenye kokoto.

Novemba ile Irja alikuwa kwenye mierezi yake aliposikia mlio mmoja wa bunduki kutoka upande wa Pascoe. Akakaa akingoja wa pili, wa kummalizia aliyejeruhiwa, jasho limemtoka kwenye baridi ile. Haukuja. Kabla ya saa sita Irja alikuwa ameshafika dukani, na Loretta akampigia simu, akasema ana dume changa hatua ishirini tu kutoka alipopigwa na mgongo wake hauwezi kumburuta. Irja alikwenda. Walimburuta pamoja hadi barabarani, kila mmoja ameshika pembe moja, wakipumzika mara kwa mara. Walipompakia garini Loretta akasema asante. Akasema pia nyama atamletea, kwa kuwa ni haki yake ya kusaidia.

Aliileta, kweli, kilo tatu, imefungwa vizuri. Aliiacha kwenye ngazi za mlango wa Irja bila kubisha hodi.